Chombo kidogo cha habari kuingia ulimwengu pepe: mwenye uzoefu atusaidie

MhaririZamu

Wakuu, habari za kazi.

Mimi ni mhariri kwenye chombo kidogo cha habari, huru, kisichotafuta faida. Tunaishi kwa michango ya wasomaji na ruzuku mbili tatu. Tovuti ipo, podkasti ipo, jarida la barua pepe lipo. Shida yetu ni kwamba wanaotusoma ni walewale. Vijana hatuwaoni, na ukiwauliza jioni wanashinda wapi, wanakuambia wako kwenye gemu. Na hawachezi tu: wanapiga soga humo, wanasherehekea humo, wengine wamepatana na marafiki wa kudumu humohumo.

Sasa mfadhili mmoja ametudokeza kwamba kwenye andiko la mwaka ujao tunaweza kuweka kifungu cha "ulimwengu pepe", yaani dunia ya kidijitali ambayo watu wanaiingia kwa kompyuta na kukutana humo. Bodi imegawanyika. Mwenyekiti anataka tujenge jengo letu lenye nembo, ukumbi na studio. Mweka hazina anaona ni kutupa hela. Mimi nimebaki katikati, na nataka nikirudi kwao niwe na hoja zenye mashiko.

Naomba kujua: kuna asasi au vyombo vya habari vilivyoingia huko vikapata watu kweli? Tujenge kwetu au tuingie palipo na watu tayari? Na kazi ya kila siku huko ikoje? Hilo la mwisho sioni likielezwa popote, watu wanaandika kuhusu uzinduzi tu.

---

KalamuNyeusi

Mkuu, msikilizeni mweka hazina.

Novemba 2022 idara ya Tume ya Ulaya inayoshughulikia ushirikiano wa kimataifa ilifanya sherehe ndani ya ulimwengu pepe ili vijana waufahamu Global Gateway, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kuwekeza katika nchi nyingine. Kujenga mahali hapo kuligharimu yuro 387,000. Mwandishi wa Devex, chombo kinachofuatilia habari za misaada na maendeleo, aliingia kuangalia. Alikuta watu wengine kama watano, wakaongea kidogo, kisha akabaki peke yake na muziki unapigwa.

Na si wao tu. Reuters, shirika kubwa la habari, lilifungua ofisi ndani ya Second Life, mojawapo ya dunia pepe hizo, Oktoba 2006 na kumpa mwandishi kazi ya kuripoti kutoka humo. Miaka michache baadaye ofisi ikafungwa. Kama wenye misuli ile waliondoka, nyie wenye ruzuku mbili tatu mnafuata nini? Wekeni hela kwenye uandishi.

---

MwenyejiWaKikao

MhaririZamu, karibu. Kalamu amesema kweli kwenye mifano aliyotoa, ila mifano yenyewe ni ya aina moja: mtu anajenga jumba, anapiga mbiu, anangoja watu. Mimi nimeishi upande mwingine. Kwa miaka mingi nimekuwa mwenyeji wa vikao vya shirika moja dogo linalosaidia wagonjwa wa muda mrefu na wanaowauguza, ndani ya Second Life. Hiyo dunia ilifunguliwa mwaka 2003 na kampuni ya Linden Lab ya San Francisco, na bado iko hai. Kwa hiyo nitakujibu hasa lile swali lako la mwisho, kwa sababu ndilo linaloamua mengine yote.

Kazi ya kila siku ni kupokea watu. Jengo linachukua wiki chache na fundi mmoja mzuri. Kupokea watu hakuishi.

Mgeni akiingia kwa mara ya kwanza, wewe unamwona kama wingu jeupe, kwa sababu umbo lake halijapakuliwa. Yeye naye anaona kuta za kijivu zinazojaza rangi polepole. Hajui kutembea, anagonga nguzo, anasimama. Hapo una muda mfupi sana. Kama hakuna mtu, anazima kompyuta na harudi, na wala hutajua kwamba alikuja. Kama kuna mtu, na mtu huyo akamwandikia salamu kwa jina lililo juu ya kichwa chake, halafu akanyamaza kumpa nafasi, mara nyingi atajibu. Sikuzote nilikuwa nawaambia wenzangu: msimrushie viungo vya tovuti, msimwambie "karibu kwenye shirika letu linalojishughulisha na". Mwulize kama anaona vizuri. Mwonyeshe pa kukaa. Akishajua kukaa kwenye kiti, anatulia, na ndipo anaanza kuuliza hapa ni wapi.

Kuna jambo moja la humo ambalo sijalipata kwenye mkutano wowote wa video. Mtu anapoandika, avata yake, yaani umbo lake la humo ndani, inainua mikono na vidole vinachapa hewani, unasikia na mlio wa vibonye. Wote mliokaa kwenye duara mnaona kwamba fulani anaandika. Na mnamsubiri. Nimeona watu kumi na kitu wakimsubiri mama mmoja aliyekuwa anaandika kwa kidole kimoja kwa sababu ya ugonjwa wa viungo, dakika inapita, ya pili inapita, hakuna anayemkatisha. Alipomaliza ilikuwa ni sentensi mbili tu, kuhusu usiku aliomlaza mumewe hospitalini. Kwenye jukwaa la maoni la tovuti sentensi zile zingepita bila mtu kuziona.

Kwa hiyo wanaonufaika sana huko ni wale ambao mwili, umbali au woga unawazuia kufika kwenye mkutano wa kawaida. Shirika la Virtual Ability limejengwa juu ya jambo hilo: linawasaidia watu wenye ulemavu kujifunza kuishi humo, na mikutano yao huwa na watu wanaochapa papo hapo kila kinachosemwa kwa sauti, ili asiyesikia afuate. Kama mtafanya mahojiano ya wazi, tengeni fungu la mchapaji kabla hamjatenga la mapambo. Naliweka mbele kabisa hili.

Kuhusu mifano iliyopata watu, angalia Shirika la Saratani la Marekani. Mbio zao za hisani, Relay for Life, ziliingia Second Life mwaka 2005 na mwaka ule wa kwanza zikakusanya karibu dola 5,000. Kufikia 2007 zilivuka dola 100,000 kwa msimu mmoja, na zimeendelea mwaka baada ya mwaka. Sababu ni nini? Kwanza, walikwenda na desturi yao iliyokwishazoeleka: watu wanatembea kwa zamu usiku na mchana, na pembeni mwa njia wanawasha taa zenye majina ya wapendwa wao waliougua au waliofariki. Desturi hiyo inahamishika vizuri, maana kutembea pamoja na kuwasha taa mtu anaweza kufanya akiwa kitandani. Pili, na hili ndilo kubwa, wenyeji wa dunia ile ndio walioibeba. Wao walikuwa na maduka ya nguo na samani za kidijitali, wakatoa bidhaa ambazo mauzo yake yote yanakwenda kwenye mchango. Wao waliunda vikundi, wakapanga minada. Shirika halikuja na umati wake. Lilikuta umati, likaupa jambo la kufanya.

Kwa vyombo huru vya habari, mwaka 2006 watayarishaji wa kipindi cha redio cha Marekani, The Infinite Mind, walirekodi humo matangazo mbele ya hadhira ya avata, wakiwa na mahojiano na muziki. Redio inakaa vizuri sana humo kwa sababu sauti ndiyo inayobeba kazi, na watu wanapata pa kukaa pamoja wakati wanasikiliza. Nyie mna podkasti. Ningeanzia hapo.

Kidogo kuhusu ufundi. Ardhi ya humo imegawanywa kwa visiwa vya mita 256 kwa 256, na kila kisiwa kinabeba watu kama mia hivi, kabla ya hapo kila kitu kinaanza kuwa kizito. Wazoefu wanaweka jukwaa pale kona za visiwa vinne zinapokutana, ili kila kundi la wasikilizaji liwe limesimama kwenye kisiwa chake lakini wote wanaangalia sehemu moja. Hamtahitaji hayo mapema. Wageni ishirini wanaorudi kila wiki ni kikao kikubwa.

Na gharama. Enzi zile kisiwa kizima kilikuwa dola 295 kwa mwezi, mashirika yasiyo ya faida na ya elimu yakilipa nusu. Mwishoni mwa 2010 kampuni ikatangaza kwamba punguzo linafutwa kuanzia Januari 2011, na taasisi nyingi zikahama. Mwaka 2013 punguzo likarudishwa, lakini walioondoka walikuwa wameshaondoka. Sisemi haya kumlaumu mtu. Nasema mpange bajeti mkijua kwamba bei anaiweka mwenye seva, na anaweza kuibadilisha katikati ya mradi wenu.

Ndiyo maana nakubaliana na mweka hazina kwenye jengo: msijenge kwanza. Kulikuwa na mradi wa TechSoup, shirika linalosaidia asasi kwa teknolojia, ulioanza 2007, Nonprofit Commons, ambao ulizipa asasi ndogo vyumba vya ofisi kwenye ardhi ya pamoja, jirani kwa jirani, na kikao cha kila Ijumaa. Mtu mmoja akitoka mgeni wake anaingia kwa jirani. Mtindo ule uliokoa asasi nyingi ndogo zisife peke yao kwenye visiwa vitupu.

---

MhaririZamu

Dada MwenyejiWaKikao, nashukuru mno. Hili la mchapaji naliandika kwenye andiko leo hii.

Swali la nyongeza kwa yeyote: vijana wetu hawako Second Life, wako kwenye gemu za Minecraft na Roblox. Nimesikia habari za maktaba ya Minecraft yenye makala zilizopigwa marufuku. Ile ni kazi ya habari kweli au ni tangazo?

---

FundiMatofali

Nijibu hilo maana ndilo eneo langu, najenga ramani za Minecraft, yaani dunia za matofali ya kidijitali ambazo mchezaji anaingia na kuzunguka, kwa ajili ya shule na asasi.

Ni kazi ya habari kweli. Maktaba ilifunguliwa tarehe 12 Machi 2020 na tawi la Ujerumani la Waandishi Wasio na Mipaka, RSF. Waliojenga ni BlockWorks, studio ya wajenzi wa Minecraft: wajenzi 24 kutoka nchi 16, matofali zaidi ya milioni 12.5. Ukiingia unakuta jumba la nguzo na kuba kama majengo ya serikali ya zamani, na ndani kila nchi ina ukumbi wake. Mwanzoni zilikuwa tano: Misri, Meksiko, Urusi, Saudi Arabia na Vietnam. Ukumbi wa Saudi Arabia una makala za Jamal Khashoggi, mwandishi wa nchi hiyo aliyeuawa. Wa Misri una kazi za Mada Masr, chombo huru ambacho tovuti yake ilifungiwa nchini mwake. Wa Meksiko ni kumbukumbu ya waandishi waliouawa. Baadaye wakaongeza nchi nyingine.

Werevu wake uko hapa: kwenye nchi zile tovuti zinazuiwa, lakini gemu haizuiwi. Makala imeandikwa ndani ya kitabu cha gemu, na kitabu hicho mchezaji anakisoma bila kuweza kukibadilisha. Na ramani yote inapakuliwa. Ukizuia seva yao, mtu mwingine anaiweka kwenye seva yake. Nimeipakua mwenyewe nikaizunguka bila intaneti, kurasa zote zimo.

Sasa kwa MhaririZamu, msikurupuke kuiga. Ile ilifaa kwa sababu kulikuwa na kizuizi cha kukwepa. Kama tovuti yenu inafunguka kila mahali, kijana hana sababu ya kusoma makala ndefu ndani ya kitabu cha Minecraft, ambacho ukurasa wake una mistari 14 tu, na kwenye toleo la gemu liitwalo Java hakizidi kurasa 100, kwenye liitwalo Bedrock 50. Macho yanachoka. Mimi nikipewa makala, natoa sentensi moja moja nazibandika pale zinapohusika, kwenye mlango, kwenye kisima, kwenye kituo cha basi.

Kinachofaa zaidi kwa chombo kama chenu ni kuwapa vijana wajenge wao. UN-Habitat na Mojang, waliotengeneza Minecraft, walianza mradi wa Block by Block mwaka 2012, na moja ya kazi zake za mwanzo ilikuwa Kibera, Nairobi. Wakazi wanakaa mbele ya kompyuta, wanapewa ramani ya eneo lao halisi, wanaonyesha wanataka taa wapi, njia ipite wapi, wapi wanaogopa kupita usiku. Vijana na wanawake ambao kwenye mkutano wa hadhara hawapewi nafasi ya kusema, hapo wanasema kwa kujenga. Kaeni nao mkifanya hivyo muone ni habari ngapi zinatoka. Mtoto akijenga ukuta mahali ambapo hakuna ukuta, mwandishi anauliza, "Kwa nini hapa?" na hapo anaanza kuelezwa.

---

KufuliNaUfunguo

Mimi ni mtu wa usalama wa kidijitali kwa waandishi. Sitawachosha, ila haya lazima yasemwe.

Ulimwengu pepe wowote ni seva ya kampuni. Soga inaweza kuhifadhiwa, sauti inaweza kurekodiwa na aliyekaa jirani, na anayeendesha seva anaona anwani ya mtandao ya kila anayeingia. Jina la avata halimfichi mtu. Kwa hiyo chanzo cha habari nyeti asikutane na mwandishi humo hata siku moja, hata kama panaonekana pametulia na mko wawili tu. Wekeni bango mlangoni: hapa ni mahali pa wazi, usiseme usichotaka kisikike.

La pili ni watoto. Kulikuwa na Teen Second Life kwa ajili ya vijana wa miaka 13 hadi 17. Global Kids, shirika la New York lililofanya kazi nzuri sana humo, wafanyakazi wake watu wazima ilibidi wachunguzwe rekodi zao kwanza, na walipoingia hawakuruhusiwa kutoka nje ya kisiwa chao. Ni masharti makali na nayaunga mkono. Nyie mkienda Roblox au Minecraft hamtakuta uzio wa namna hiyo umejengwa tayari, kwa hiyo mjenge wenyewe: watu wazima wawili kwa kila kikao, hakuna soga ya faragha kati ya mfanyakazi na mtoto, ridhaa ya mzazi kwa maandishi, na mtu wa kupokea malalamiko ambaye si mwenyeji wa kikao. Asiyeweza hayo asiende walipo watoto. Abaki na watu wazima.

---

KalamuNyeusi

Nimesoma yote. Kwa Minecraft ya kujenga na vijana nimeelewa, hiyo ni kazi ya uandishi. Bado nina hofu moja: dunia hizi zikifungwa je?

---

MwenyejiWaKikao

Zinafungwa, kaka, na si mara chache. Lively ya Google ilifunguliwa Julai 2008 na mwisho wa Desemba mwaka huohuo ikafungwa. AltspaceVR ya Microsoft ilifungwa tarehe 10 Machi 2023. Mozilla Hubs, ambayo asasi nyingi ziliipenda kwa sababu ilifunguka kwenye kivinjari bila kusakinisha kitu, Mozilla waliacha kuiendesha tarehe 31 Mei 2024, ingawa msimbo wake uko wazi na anayeweza anaiweka kwenye seva yake.

Ndiyo maana sisi kila kikao kilikuwa na nyumba mbili. Kinafanyika ndani, kumbukumbu inakaa nje: sauti, maandishi ya mchapaji, na picha pale wahusika waliporidhia. Na orodha ya waliotaka kutufuata ilikuwa barua pepe, kwa hiari yao, si orodha ya marafiki ya ndani ya dunia ile. Dunia ikifungwa kesho unawaandikia watu wako, "Wiki ijayo tutakutana mahali pengine, saa ileile."

---

MhaririZamu

Wakuu, nimeongea na mwenyekiti. Jengo limewekwa kando. Tunachopeleka kwa mfadhili ni vitu viwili: kikao cha kusikiliza podkasti pamoja, kila wiki, kwenye ukumbi wa kuazima wa asasi nyingine, tukiwa na mwenyeji anayelipwa na mchapaji, na warsha ya Minecraft na vijana kwa masharti ya KufuliNaUfunguo, neno kwa neno.

Limebaki moja. Mfadhili anataka idadi ya "waliofikiwa". Niandike nini, na nini kingine nisichokijua?

---

MwenyejiWaKikao

Usimpe idadi ya waliotua mlangoni. Hiyo inavimba bure, mtu huyohuyo anaingia na kutoka mara tano kwa sababu ya mtandao wake. Mpe waliokaa zaidi ya nusu saa, na kati yao waliorudi wiki iliyofuata. Zitakuwa namba ndogo, mwambie hivyo kabla hajatoa hela, na zisindikizwe na maswali waliyouliza watu kwenye vikao. Wafadhili wengine wanayasoma maswali kuliko jedwali.

Ambalo hujauliza ni akaunti. Ardhi, seva na vikundi vya humo kwa kawaida husajiliwa kwa jina la mtu aliyevifungua. Mfunguzi akiacha kazi, anaondoka na funguo zote, na nimeshuhudia asasi ikibaki nje ya ukumbi wake yenyewe, wageni wamo ndani wanauliza kikao kinaanza lini. Fungueni kwa barua pepe ya ofisi, nywila ikae kwa watu wawili, na wote wawili wawe na mamlaka kamili kwenye kikundi tangu siku ya kwanza.

Na saa. Second Life inatumia saa za California, matangazo yote ya humo yanaandikwa hivyo. Andikeni na saa za wasikilizaji wenu kwenye kila tangazo, mkikumbuka kwamba California inasogeza saa mara mbili kwa mwaka.